Senti Moja ya Atlanta: Kodi ya Mauzo, Nauli na Mpaka wa Kaunti



Wenzangu wa idara walitarajia nije na milinganyo. Nimekuja na risiti. Ninayo tangu mwaka 2012, nilipokuwa mwanafunzi katika jimbo la Georgia, Marekani. Nilikaa Clarkston, mji mdogo wa kaunti ya DeKalb waliko wakimbizi wa mataifa mengi, na ambako ukiingia dukani waweza kusikia Kiswahili cha Kivu kana kwamba uko Uvira. Risiti nilipewa na jirani yangu, mama wa Kikongo aliyefanya kazi ya usafi hotelini. Alinunua unga, mafuta ya kula na sabuni, akaona chini ya jumla kuna kiasi kimeongezwa. "Kaka, wewe unasoma," akaniambia. "Hii senti yao inaendaka wapi?"

Nikamjibu upesi, kwa kiburi cha mwanafunzi, kwamba humo ndani senti moja kwa kila dola huenda MARTA, shirika la mabasi na treni la Atlanta. Akacheka. Asubuhi ile alikuwa amelisubiri basi nusu saa. Mhadhara huu ni jaribio langu la kumjibu vizuri zaidi, ingawa nimechelewa.

Tuanze na duka. Kwa nini nauli ya basi ichangiwe na mnunuzi wa sabuni, wakati magari yanajaza mafuta kila siku na kodi inakatwa palepale? Katiba ya Georgia inaelekeza kodi ya mafuta ya magari kwenye barabara na madaraja, na treni haiipati. Kodi ya petroli ya serikali kuu ya Marekani nayo imeganda kwenye senti 18.4 kwa galoni tangu 1993, huku gharama za lami na chuma zikizidi kupanda, kiasi kwamba siku hizi hata barabara kuu zinabisha hodi kwenye kodi ya mauzo. Kwa upande wa usafiri wa umma, Atlanta ilijaribu kwanza kodi ya nyumba na viwanja, mwaka 1968. Wapigakura waliikataa, na upinzani ulikuwa mkali miongoni mwa Weusi, walioona wanaletewa mpango ambao hawakuulizwa.

Mwaka 1971 likaja pendekezo jingine: kodi ya mauzo ya asilimia moja. Meya wakati ule alikuwa Sam Massell. Wanaosimulia historia ya jiji hilo hupenda kumkumbuka akiwa ndani ya helikopta juu ya msongamano wa magari, akiwatangazia madereva kwa kipaza sauti kwamba anayetaka kutoka kwenye adha ile apige kura ya ndiyo. Kioja kizuri, ila mimi kinachonikaa kichwani ni nauli. Massell aliahidi kuishusha kutoka senti 40 hadi senti 15, na kuiacha hapo kwa miaka saba.

Naomba tupige hesabu pamoja, maana hapa ndipo penye shauri lote. Mtumishi wa ndani wa Atlanta anayepanda basi kwenda na kurudi anaokoa senti 25 kila safari, yaani senti 50 kwa siku. Kwa siku tano ni dola mbili na nusu. Ili kodi ya asilimia moja imnyang'anye dola hizo, inambidi afanye manunuzi ya dola 250 kwa wiki. Mwaka 1971 mtumishi huyo hakuziota fedha za namna hiyo, sembuse kuzitumia dukani.

Vitabu vyetu vya uchumi vinafundisha kwamba kodi ya mauzo humuumiza maskini kuliko tajiri, kwa kuwa maskini hutumia karibu kila anachopata. Ni kweli, nami nimeifundisha hivyo miaka mingi. Georgia yenyewe haitozi kodi yake ya jimbo kwenye vyakula vya kupika nyumbani, lakini kodi za kaunti huufuata unga hadi jikoni. Hata hivyo kodi ile ile, ikifungwa pamoja na nauli ya senti 15, iligeuka faida kwa asiye na gari. Kanuni ya kitabuni hupima mkono unaochukua na kuusahau mkono unaorudisha.

Pendekezo lilipita katika kaunti ya Fulton kwa kura mia chache tu, na likapita DeKalb. Kaunti za Clayton na Gwinnett zilikataa kwa kishindo. Kaunti ya Cobb ilikuwa imejitoa mapema, tangu 1965. Sitazunguka: viunga vilikuwa vya Wazungu, wengi wao wakiwa wamehama jiji kuwakwepa Weusi, na reli kwao ilikuwa njia ya kuletewa walewale waliowakimbia. Mtu aliyesimama kati ya kodi ile na bunge la jimbo alikuwa naibu gavana Lester Maddox, aliyejipatia jina kwa kuwafukuza wateja Weusi kwenye mgahawa wake. Alitoa sharti kwamba mapato ya kodi yasitumike zaidi ya nusu kuendeshea mabasi na treni. Nusu nyingine iwe ya ujenzi na vifaa. Sharti hilo, ingawa lililegezwa mara kadhaa, liliondolewa moja kwa moja mwaka 2015 tu. Hebu fikirini: kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo zaidi ya 40, hata siku ambayo dereva na dizeli ndivyo vilivyopungua, sheria ilisema nusu ya fedha iende kwenye zege.

Basi ramani ya kodi ikawa ramani ya basi. Kwa miongo kadhaa, palipoishia senti ndipo lilipogeuza gari, hata kama kazi, hospitali na maduka makubwa vilikwisha kuhamia ng'ambo ya mpaka.

Julai 2012 nilikuwa palepale walipojaribu kuupanua mpaka huo. Kaunti kumi ziliulizwa kama zinakubali asilimia moja kwa miaka kumi, dola bilioni 7.2 za miradi 157, barabara na usafiri wa umma katika kapu moja. Asilimia 63 walikataa. Wahafidhina wa Tea Party walipinga kodi. Tawi la Georgia la Sierra Club, watu wa mazingira, walipinga barabara. Viongozi wa DeKalb wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, walipinga kwa sababu kusini mwa kaunti yao, ambako wamelipa senti tangu mwanzo, kwa mara nyingine hapakupangiwa reli. Nimewahi kuona harusi zenye wageni wasiopatana, lakini ile ilizidi.

Juu ya hayo palikuwa na kibanda cha tozo. Barabara ya Georgia 400 ilitoza senti 50, na watu waliahidiwa kwamba deni la hatifungani likiisha, tozo itaondoka. Deni likafikia mwisho, serikali ya jimbo ikaongeza muda. Gavana Nathan Deal alipotangaza kwamba tozo ingekoma, zilikuwa zimebaki siku chache kabla ya kura. Aliyekwisha kuona ahadi moja inavyorefushwa hakuwa na haraka ya kununua nyingine ya miaka kumi.

Seattle ilipitia njia hiyo mwaka 2007: ilichanganya barabara na treni kwenye kura moja ikashindwa, mwaka uliofuata ikapeleka treni na mabasi peke yake ikashinda.  Kapu la mchanganyiko hudhaniwa hukusanya marafiki wa kila upande. Mimi naona hukusanya maadui kwanza.

Mtaniuliza yanatuhusu nini. Sisi hukatwa tozo ya barabara kwenye kila lita ya mafuta, nchi nzima, bila kuulizwa. Kenya ilipoipandisha kutoka shilingi 18 hadi 25 mwaka 2024, kaunti na Bunge la Taifa waligombania fungu hadi mahakamani. Sikusikia nauli ya matatu ikitajwa.

Nirudi Clayton. Machi 31, 2010, kaunti hiyo, ambayo kufikia wakati huo wakazi wake wengi walikuwa Weusi, ilifunga huduma yake ndogo ya mabasi kwa kukosa fedha. Watu wakatembea kando ya barabara kuu, wakakodi magari ya wenzao, wakapoteza kazi. Novemba 2014 waliulizwa kama wako tayari kujitoza senti ya MARTA. Karibu robo tatu walisema ndiyo, na Machi 2015 mabasi yakarudi. Sikubaliani na wenzangu wanaosema maskini wale walidanganywa. Walikuwa wamekaa zaidi ya miaka minne wakijua gharama halisi ya kukosa basi, na hesabu hiyo hakuna mchumi aliyewafanyia.

Linalonisumbua ni jingine. Zile senti 15 za Massell ziliisha 1979. Senti ya dukani ipo hadi leo, na nauli niliyoiacha ilikuwa dola mbili na nusu. Karatasi za kura nilizowahi kuzisoma hutaja kiwango cha kodi, idadi ya miaka na mabilioni yatakayokusanywa, na wanasheria hulinda kila neno. Pendekezo langu, ambalo nitalitetea mbele ya yeyote aliyemo ukumbini, ni kwamba nauli iandikwe humo humo, idumu kadiri kodi inavyodumu.

Jirani yangu alihamia Gwinnett, akapata uraia. Novemba 2024 kaunti yake ilipiga tena kura juu ya asilimia moja ya usafiri, na ikakataa tena. Yeye alipiga ndiyo. Nilimpigia simu nikamwuliza karatasi ilisema nini juu ya nauli. Akafikiri kidogo.

"Niliona miaka makumi tatu, kaka. Bei ya kupanda basi sikuiona."