Kuchagua Masomo ya Kidato cha Tano

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo liletalo ugomvi katika nyumba nyingi za huku kwetu Busunzu, na Kibondo na Kasulu yote. Kijana amalizapo kidato cha nne, achague masomo gani matatu ya kusoma kidato cha tano na cha sita? Masomo hayo matatu kwa pamoja huitwa tahasusi, nayo ndiyo yatakayomfungulia au kumfungia mlango wa chuo kikuu.

Zamani shauri hili halikuwa refu. Kwa miaka mingi, kabla Baraza la Mitihani la Tanzania halijaundwa mwaka 1973, watoto wa sekondari walifanya mitihani iliyotoka Cambridge, na shule zilikuwa chache; mtoto alisoma alichokikuta. Siku hizi mambo ni mengine. Mwezi wa Machi 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65. Wingi huo ni neema, lakini wamzidishia mzazi mashaka.

Wazee wengi wakisikia PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, husema, "Huyu atakuwa daktari." Siwalaumu. Aliyekwisha kumbeba mgonjwa njiani wakati wa masika ajua kwa nini neno hilo ni tamu. Lakini na tutazame hesabu. Chuo kikuu huuliza alama: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1. Kwa kawaida masomo mawili yahusuyo shahada aitakayo mwanafunzi sharti yafikishe jumla ya 4, na shahada nyingine hutaka zaidi. Haya, tuseme yuko binti aliyefaulu vizuri Hisabati na Jiografia katika kidato cha nne, lakini Kemia aliipata kwa shida. Baba yake amsukuma asome PCB. Baada ya miaka miwili arudi na E tatu. Amefaulu, na cheti anacho. Lakini E mbili ni 2 tu, na mlango haufunguki. Lau angalisoma EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, akapata C moja na D moja, angalikuwa na 5, naye angaliweza kuomba nafasi ya kusomea uchumi au uhasibu.

Wako na wengine wachaguao CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, wakidhani nayo yaelekea udaktari. Haielekei huko, kwa kuwa Fizikia haimo, na udaktari wa binadamu waitaka. Bali yafaa kwa kilimo, kama kifundishwavyo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Na katika nchi ya maharage na mihogo kama hii yetu, sioni kwa nini kilimo kidharauliwe. Atakaye uhandisi naye asiziache Fizikia na Hisabati. Tena kuna vyuo vya afya vinavyopokea vijana wa kidato cha nne kwa masomo ya stashahada, wala si aibu kupitia huko.

Basi, mzazi, kabla hujasema neno, mwulize mtoto ataka kazi gani, kisha mwende pamoja kwa mwalimu wake wa taaluma. Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo kionyeshacho kila shahada yataka masomo gani. Kisomeni mkiwa na matokeo ya mtoto mkononi, si ndoto za jirani.

Jambo moja limebaki. Matokeo yakiisha kutoka, wanafunzi hupewa siku za kubadili machaguo yao kwa njia ya kompyuta. Vijana wa vijijini huenda mjini, wakampa mwenye duka namba zao za siri, wakaondoka. Kijana usifanye hivyo. Kaa mwenyewe mbele ya mashine, zisome zile herufi tatu kabla ya kutuma, kisha uchapishiwe karatasi uipeleke nyumbani wazee waione.