Benki ikianguka, nani analipa?

Niliahidi kuweka hapa nilichosema kwenye baraza letu la Jumamosi. Haya.

Ndugu zangu, kila msimu wa siasa mmoja anapanda jukwaani na kusema benki zinabanwa mno, sheria zilegezwe. Mwingine anasema zibanwe zaidi. Tunapiga makofi, tunaenda zetu. Mimi huuliza: benki ikianguka, hasara inamwangukia nani?

Angalieni Marekani. Mwaka 2018 walilegeza sheria, na benki nyingi zenye mali chini ya dola bilioni 250 zikaepuka usimamizi ule mkali. Silicon Valley Bank ilikuwemo. Ilichukua amana za wateja ikanunua hati fungani za muda mrefu, zile tunazoambiwa ni salama kabisa. Kuanzia Machi 2022 riba ikapanda kule. Riba ikipanda, hati za zamani zenye riba ndogo hushuka bei.

Hapa watu huchanganyikiwa, kwa hivyo nirudie polepole. Hakuna aliyekataa kulipa hati hizo. Shida ni kwamba mteja anataka pesa zake leo, na hati inaiva miaka kumi ijayo. Ukiiuza leo, unaiuza kwa hasara. Benki ikauza, ikatangaza hasara ya dola bilioni 1.8. Tarehe 9 Machi 2023 wateja wakatoa dola bilioni 42. Siku moja tu, bana! Kesho yake ikafungwa, na serikali ikalazimika kulinda amana zote.

Sasa turudi nyumbani. Benki zetu nazo zimebeba hati fungani nyingi za serikali. Bima ya amana hapa hulipa hadi shilingi 500,000. Kabla ya 2020 ilikuwa 100,000. Mwenye duka aliyeweka milioni mbili atapata hiyo nusu milioni, halafu asubiri mali ya benki iuzwe. Waliokuwa na pesa Imperial Bank, iliyofungwa Oktoba 2015, walisubiri miaka.

Sheria mpya inataka mtaji wa benki upande kutoka bilioni 1 hadi bilioni 10 kufikia 2029. Naiunga mkono, ingawa mtaji ni mto wa kuangukia tu, hauzuii mtu kuteleza. Kwa hivyo mgombea akija kwenu na habari ya kulegeza au kubana, muulizeni: ni nani atakayekagua hizo hati, mara ngapi, na akiona shida, ataweza kuchukua hatua kabla hajapigiwa simu na mkubwa?