Pikapu ya Parishi
Somo: 2 Wafalme 18:1-4

Asubuhi ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya pikapu.

Labda mwashangaa. Lakini sisi tulio katika halmashauri ya parishi twajua ya kuwa pikapu yaweza kuwagawanya Wakristo upesi sana.

Kwa miaka mingi parishi yetu ilikuwa na Peugeot 504. Wazee waliipenda, tena kwa sababu. Gari la jina hilo lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975, na tena mwaka 1978, katika matope na mawe ya nchi yetu wenyewe. Ile yetu ilibeba mahindi ya mavuno, saruji ya kujengea kanisa, wagonjwa usiku, na wafu wetu mpaka makaburini. Tulisema kwa fahari, "Sisi ni watu wa Peugeot."

Lakini pikapu hizo ziliacha kuundwa, na spea zikawa za kutafutwa. Fedha za harambee zilipotimia, wengine walitaja Toyota Hilux, wengine Isuzu D-Max, inayounganishwa Nairobi. Mzee mmoja, aliyeuza ng'ombe wake ili gari la kwanza linunuliwe, akasimama akasema, "Mwacha asili ni mtumwa." Tukaahirisha. Tukaahirisha tena. Mwaka mzima ukapita, fedha zimelala benki.

Ndipo mjane mmoja akafiwa na mwanawe. Gari letu lilikuwa kwa fundi, likingoja spea. Mama yule akakopa fedha, akakodi gari la kuleta mwili nyumbani. Kosa halikuwa la gari. Lilikuwa limetumika na kuzeeka kwa heshima. Kosa lilikuwa letu. Tulilinda jina, tukamwacha mjane.

Wapenzi, kumbukeni ile nyoka ya shaba. Musa aliifanya kwa amri ya Mungu, na walioumwa wakaitazama wakaishi. Ilikuwa njema. Lakini vizazi vikapita, watu wakaifukizia uvumba, hata mfalme Hezekia akaivunja. Hakumdharau Musa. Alitaka watu wamrudie Mungu aliyewaponya.

Uaminifu ni tunda la Roho. Lakini na tujiulize, sisi tu waaminifu kwa nani? Mtu aweza kukipenda chombo hata akaisahau kazi. Ni vivyo hivyo kwa saa ya ibada tuliyoizoea, kwa kiti chetu kanisani, na kwa mchungaji aliyehamishwa ambaye twamsifu ili kumkataa aliyekuja.

Baada ya mazishi tulikutana tena, na mara hii hatukuanza na majina ya magari. Tuliuliza: Spea zapatikana mji wa karibu? Fundi wetu alijua? Litapita barabara yetu wakati wa mvua? Twaweza kulilipa bila deni? Mzee yule ndiye aliyesema wa kwanza, "Basi, tununue litakalofaa." Tukanunua Isuzu. Fedha zilizobaki zikalipa deni la yule mama, na mzee ndiye aliyempelekea.

Na tuombe. Ee Bwana, twakushukuru kwa vyombo ulivyotupa zamani. Utupe moyo wa kuviacha kazi yake inapokwisha, tusije tukavishika tukakuacha wewe na jirani zetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.