Mimea ya Miambani na Njia ya Kuifikisha Nane Nane

Maelezo kwa wakazi wa kata za Kilosa na Mikumi



Kila mwaka, siku za kwanza za mwezi Agosti, mabanda ya Uwanja wa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere mjini Morogoro hujaa mahindi, mpunga, alizeti, mifugo na mashine. Kanda ya Mashariki, yenye mikoa ya Morogoro, Pwani, Dar es Salaam na Tanga, huonyesha hapo kile ambacho ardhi yake imezaa. Maua ya bustani nayo hayakosi nafasi. Lakini lipo kundi la mimea ambalo ni zao halisi la milima ya kanda hii, nalo lastahili meza yake: mimea ya miambani. Maelezo haya yanahusu mimea hiyo, jinsi mkazi anavyoweza kuipata kwa halali, kuikuza kwa mkono wake na kuifikisha mbele ya mwamuzi ikiwa hai na yenye afya.

Katika nchi za baridi, shughuli hii ina historia ndefu. Nchini Uingereza kilianzishwa mwaka 1929 chama cha wapenzi wa mimea ya milima mirefu, nacho huendesha mashindano hadi leo. Washindani hupanda mimea midogo ya milimani katika vyungu, na kila kundi la mashindano lina kipimo chake. Vyungu vidogo, kwa mfano, havipaswi kuzidi kipenyo cha sentimita 19. Mmea uliozidi yote hupewa nishani yenye jina la Reginald Farrer, mwandishi na mkusanyaji wa mimea aliyefariki mwaka 1920. Mwamuzi hatazami wingi wa maua tu. Hupima pia ugumu wa kuukuza mmea husika, na muda ambao mwenyewe ameuhudumia. Mmea ulionunuliwa jana na kuletwa leo hauna heshima kubwa katika meza ile.

Tanzania nayo ina mimea ya milima mirefu kwa maana kamili ya neno hilo. Juu ya Kilimanjaro, mahali ambapo miti imekoma, hukua mmea mrefu uitwao Lobelia deckenii, ambao hutunza maji katikati ya majani yake. Usiku maji hayo huganda kwa juu, na kichipukizi kilicho chini yake kikasalimika na baridi. Hata hivyo, mtu asijaribu kuuleta mmea huo Kilosa mjini. Kiumbe kilichozoea barafu ya kila usiku hakitavumilia joto la Novemba katika bonde la mto Mkondoa, na jaribio hilo litakuwa ni kuua mmea bila faida.

Utajiri wa wilaya hii u mahali pengine. Kaskazini imesimama milima ya Ukaguru, magharibi na kusini Rubeho, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kipo kilima cha Malundwe. Yote hiyo ni sehemu ya safu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Misitu ya safu hiyo imekaa kwa muda mrefu mno ikitenganishwa na nyanda kavu, kiasi kwamba kila mlima umepata mimea yake. Ipo aina ya Impatiens ambayo wataalamu waliipa jina ukagurensis kwa sababu ya Ukaguru. Chini ya misitu hiyo, kwenye majabali makavu yanayochomwa na jua, kuna jamaa wengine: mishubiri ya porini, mikonge mwitu yenye majani magumu kama mikuki, na mimea ya jamii ya Xerophyta, ambayo kiangazi hukauka ikafanana na kuni, kisha mvua ya kwanza ikiinyeshea hurudi kijani katika siku chache. Mtu asiyeijua angeing'oa akidhani imekufa.

Kabla ya kueleza namna ya kukuza, yafaa kusimulia habari ya mmea mmoja wa miambani uliotoka katika safu hii na kuzunguka dunia, kwa kuwa ndani ya habari hiyo mna somo la kazi.

Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa afisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, aliuona mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya urujuani, umeshikilia mawe yenye kivuli. Akampelekea baba yake Ujerumani. Baba akaupeleka kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, ambaye mwaka 1893 aliutangaza kwa jina Saintpaulia ionantha. Mwaka huo huo wa 1893 mmea ukawekwa katika maonyesho makubwa ya maua mjini Ghent, Ubelgiji, na watazamaji wakaustaajabia. Wajerumani huuita urujuani wa Usambara hadi leo, ingawa jamaa zake hupatikana pia Uluguru na Nguru, milima ya mkoa huu huu wa Morogoro. Wataalamu wa siku hizi wameuhamishia katika jenasi ya Streptocarpus, lakini wauzaji hawakubadilisha kibandiko.

Mwaka 1926 kitalu kimoja cha Los Angeles, Marekani, kiliagiza mbegu zake kutoka Ujerumani na Uingereza. Kutokana na miche iliyoota zikachaguliwa aina 10, na kutokana na hizo yakazaliwa maelfu ya aina zinazokaa leo madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani. Mwaka 1946 wapenzi wake walianzisha chama chao huko Marekani na kufanya maonyesho ya kwanza katika mji wa Atlanta. Biashara hiyo yote, ndugu wakazi, ilijengwa juu ya mbegu chache na majani. Hakuna aliyehitaji kurudi Tanga kila mwaka kubandua mmea mwingine mwambani. Nako mwambani, mmea wa asili umebaki katika vipande vya msitu vinavyozidi kupungua. Pale miti ya juu inapokatwa, kivuli huondoka, mwamba hukauka, na mmea hufa bila kuguswa na mkono wa mtu.

Ndiyo maana jambo la kwanza kwa mwenye nia ya kuonyesha ni kutokwenda na sururu. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, kung'oa mmea wowote bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282. Katika misitu ya hifadhi ya serikali, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yataka kibali, na mahali pa kuuliza ni ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu. Msitu wa kijiji nao una wenyewe. Wilaya ya Kilosa ina vijiji vilivyojipangia matumizi ya misitu yao, kama Ulaya Mbuyuni, Kitunduweta na Ihombwe, ambako hata mkaa huvunwa kwa mpango. Mtu asidhani kwamba mshubiri hauna mpango kwa kuwa ni mdogo. Aende kwanza kwa serikali ya kijiji na kamati yake ya maliasili.

Pamoja na sheria, ipo sababu ya kawaida kabisa. Mmea wa mwambani una mizizi iliyojipenyeza katika nyufa, na anayeung'oa huacha nusu ya mizizi hiyo nyuma. Ukitiwa chunguni wiki mbili kabla ya Nane Nane, utasimama siku ya kwanza na kulala siku ya tatu, na mwamuzi mwenye uzoefu atalitambua hilo kwa kutikisa shina kidogo.

Basi mche upatikane wapi? Mshubiri na mkonge mwitu uliokwisha kupandwa uani au kwenye ua wa jirani hutoa maotea pembeni. Otea moja likikatwa kwa kisu kisafi, likaachwa kivulini siku 4 au 5 hadi kidonda kikauke, hushika mizizi kwa urahisi. Hapo wengi huharakisha: hupanda siku ile ile na kumwagilia, na otea likaoza. Mkonge mwitu huzaa hata kwa kipande cha jani kilichosimikwa mchangani, mradi ncha iliyokuwa chini ibaki chini.

Urujuani wa Usambara hutaka subira zaidi. Lipatikane jani moja lenye afya kutoka kwa muuza maua au kwa rafiki anayeufuga nyumbani. Likatwe pamoja na kikonyo cha sentimita 3 hivi, kikonyo kiingizwe kwa mshazari katika mchanga uliochanganywa na mboji, kisha lifunikwe kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako ili unyevu usitoroke. Baada ya miezi 2 au 3 miche midogo itachomoza chini ya jani mama. Itenganishwe inapokuwa na majani manne, kila mmoja upate kiriba au chungu chake. Kuanzia jani hadi ua ni miezi 8 hadi 10, kwa hiyo anayelenga Agosti aanze Oktoba. Anayeanza Machi atapeleka majani matupu.

Kilosa mjini na Mikumi zote ziko chini, joto lake ni kali kabla ya mvua, na huo ndio mtihani mkubwa wa mmea huu. Uwekwe barazani upande usiopigwa na jua la mchana, mbali na bati, juu ya sinia lenye kokoto na maji kidogo, chungu kikae juu ya kokoto bila kugusa maji. Maji ya kumwagilia yasiwe baridi na yasidondoke juu ya majani, maana huacha madoa ambayo hayafutiki. Wakazi wa vijiji vya juu, Ukaguru na Rubeho, wana nafuu ya hewa, na kwa kweli wao ndio wangetazamiwa kushika nafasi ya kwanza katika kundi hili.

Mishubiri na jamaa zake wa jua haina haja ya anasa hiyo. Udongo wake uwe mchanga wa mtoni sehemu mbili, kokoto ndogo sehemu moja na mboji iliyooza vizuri sehemu moja. Chungu cha udongo kilichofinyangwa humu humu wilayani kinafaa kuliko ndoo ya plastiki, kwa kuwa hupumua. Kiwe na tundu chini. Mishubiri mingi huchanua katika miezi ya kiangazi, yaani wakati wa maonyesho, na hiyo ni bahati isiyogharimu kitu.

Siku ya kupeleka, usafi ndio hutangulia. Majani makavu yaondolewe, chungu kifutwe tope, na juu ya udongo zitandazwe kokoto safi zinazofanana na mwamba wa asili. Kokoto hizo hupendeza, na pia huzuia maji kutuama shingoni mwa mmea. Mmea usipakwe mafuta ili ung'ae. Vumbi la urujuani liondolewe kwa brashi laini, kwa maana manyoya ya jani hayapendi kitambaa. Safari ya kwenda Morogoro ifanywe usiku au alfajiri, vyungu vimepangwa ndani ya kreti na kushindiliwa magazeti katikati, wala visipandishwe juu ya magunia.

Kibandiko kiandikwe kwa ukamilifu: jina la Kiswahili au la kilugha kama lipo, jina la kitaalamu, kata ulikokuzwa, na njia uliyopatikana, iwe ni jani, otea au mbegu, pamoja na mwezi ulipopandwa. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachotenganisha mkulima na mchimbaji. Mkaguru, Msagara au Mvidunda anayejua jina la mmea kwa lugha ya wazee wake asiliache nyumbani, kwani majina hayo hayamo katika vitabu vingi. Asiyejua jina la kitaalamu apeleke picha ya mmea kwa afisa ugani wa kata mapema, si asubuhi ya maonyesho.

Watakuwapo watazamaji watakaotaka kununua. Miche ya ziada iliyokuzwa kitaluni yaweza kuuzwa, na bei ni mapatano. Akija mnunuzi anayetaka kuivusha mipaka ya nchi, hapo mambo hubadilika. Aina zote za mishubiri, isipokuwa Aloe vera, zimo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979. Okidi zimo pia. Mnunuzi wa namna hiyo hana budi kuwa na kibali cha mkataba huo, na vilevile cheti cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Muuzaji akatae kupokea fedha hadi karatasi hizo zionekane.

Maonyesho yakiisha, vyungu vitakuwa vimekaa siku kadhaa katika vumbi na hewa kavu ya bandani. Virudishwe kivulini, vikaguliwe wadudu weupe kama pamba katika makwapa ya majani, na visikae karibu na vingine hadi wiki 2 zipite. Jani moja au mawili ya urujuani uliofanya vizuri yatunzwe kwa ajili ya kupanda Oktoba.