Betri Imekufa, Deni Li Hai: Haki ya Mnunuzi wa Simu ya Mkopo



Vijana wenzangu, wazazi wetu, na wewe ndugu msomaji ambaye maneno haya yamekufikia kwa maandishi. Nimeombwa nizungumze juu ya haki za mnunuzi. Jambo hili ni pana, kwa hivyo nimechagua kitu ambacho kimeshaingia nyumba nyingi: simu ya mkopo, ile unayotanguliza pesa kidogo kisha ukalipa kila siku au kila wiki. Na katika simu hiyo nitashika kitu kimoja tu, nacho ni betri.

Kwa nini betri? Kwa sababu simu hii ndiyo duka la mama anayeuza mahamri kwa oda, ndiyo kazi ya kijana wa bodaboda, ndiyo M-Pesa ya nyumba nzima. Betri ikifa kazi husimama, lakini deni halisimami. Usipolipa, simu nyingi za namna hii hufungwa kutoka mbali.

Tupige hesabu ya mfano. Chukulia simu ambayo kwa pesa taslimu ni Sh 12,000. Kwa mkopo watanguliza Sh 2,000, kisha Sh 50 kila siku kwa siku 365. Hizo ni Sh 18,250, na ukijumlisha na kianzio zinakuwa Sh 20,250. Wewe umelipa zaidi ya aliyenunua taslimu! Basi asikwambie mtu ati kwa kuwa ni mkopo huna haki ya kulalamika.

Sheria yasemaje? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo ya kutosha, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Kisha iko Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Hiyo yamhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora wa bidhaa hata kama hakutamka neno, na mkataba hauwezi kuifuta dhamana hiyo. Kwa hivyo ukiambiwa, "Sisi twauza tu, mtafute aliyeitengeneza," jibu lako liwe la adabu lakini thabiti: pesa zangu nilikupa wewe. Waranti ya kiwanda ni nyongeza, haiondoi jukumu la muuzaji.

Na katika fiqhi ya biashara jambo hili si geni. Iko khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwamo kabla hajakabidhiwa bidhaa, naye hakuijua, ana hiari ya kuirudisha. Lakini haki hiyo yataka ukweli pande zote mbili. Simu iliyoangukia ndoo ya maji, usiseme ilizima yenyewe.

Tuwe waadilifu pia kwa betri. Betri za simu za siku hizi ni za lithiamu, na huchakaa kwa kutumika. Nyingi hutengenezwa ili zibaki na kama asilimia 80 ya nguvu zake baada ya kujazwa chaji kamili mara 500 hivi. Ukijaza mara moja kwa siku, huo ni mwaka mmoja na miezi kama minne. Sasa pima mwenyewe. Betri iliyopungua nguvu katika mwaka wa pili, huo huenda ni uchakavu wa kawaida. Betri inayokwisha kwa saa mbili katika mwezi wa tatu, hiyo ina kasoro, na hapo una hoja. Soma waranti yako vizuri, maana ziko zinazotoa miezi 12 kwa simu lakini miezi 6 tu kwa betri.

Je, ufanye nini? Kwanza, usiipeleke kwa fundi wa mtaani. Simu ikishafunguliwa, watasema wewe ndiye uliyeiharibu. Pili, kusanya ushahidi: risiti, nakala ya mkataba, jumbe za M-Pesa za malipo, na namba ya IMEI, ambayo utaiona ukibonyeza *#06#. Tatu, rudi dukani mapema, na ukiiacha simu dai karatasi yenye tarehe na maelezo ya kasoro. Toa laini yako na uhifadhi picha zako kabla ya kuiacha. Nne, uliza kwa maandishi kama malipo yatasimamishwa wakati simu iko kwa matengenezo. Usiache kulipa kwa hasira kabla hamjakubaliana, kwani simu yaweza kufungwa na jina lako likapelekwa kwenye orodha ya wasiolipa madeni.

Wakikuzungusha, andika barua ya malalamiko na ubaki na nakala. Kisha waweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo kazi yake ni pamoja na kuwalinda wanunuzi. Pia iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021. Husikiza madai yasiyozidi Sh milioni 1, waweza kujisimamia bila wakili, na sheria yake yataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Neno moja kwa wazazi. Betri ikivimba, hapo si suala la pesa tena. Usiichaji, usiitoboe, usiilaze chini ya mto, na watoto wasiiguse. Mwaka 2016 kampuni ya Samsung iliziita zirudishwe simu zake za Galaxy Note 7 duniani kote kwa sababu ya betri zilizoshika moto. Ikiwa kampuni kubwa hivyo ilikubali kuwa kasoro ni yake, duka la mtaani nalo laweza kuambiwa ukweli.

Ndugu zangu, Idd yakaribia na simu za mkopo zauzwa kila kona. Kabla hujatia sahihi, uliza maswali matatu: jumla nitalipa ngapi, betri ina waranti ya muda gani, na ikiharibika malipo yatakuwaje? Asiyeweza kukujibu hapo, usimpe kianzio chako.

Wabillahi tawfiq.