Dharura Imeisha, Wajibu Haujaisha



Tarehe 5 Mei 2023, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si dharura ya kimataifa tena. Dharura hiyo ilikuwa imetangazwa tarehe 30 Januari 2020. Hapa Kenya kafyu ilikuwa imeondolewa tangu Oktoba 2021, na amri ya kuvaa barakoa hadharani tangu Machi 2022. Watu walikuwa wamesharudi sokoni, kanisani na ufuoni.

Swali linalobaki ni moja. Dharura ikiisha, serikali inadaiwa nini na mwananchi?

Jibu limo katika Katiba. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Hakikusema haki hiyo ni ya wakati wa janga tu. Jedwali la Nne nalo linagawa kazi. Serikali ya Kitaifa inatunga sera na kusimamia hospitali za rufaa za kitaifa. Kaunti inasimamia hospitali na zahanati zake, ambulensi, afya ya msingi, uzoaji wa taka, na leseni za wanaouzia umma chakula. Huduma za maji na usafi pia ni za kaunti. Kwa hiyo mtungi wa kunawia mikono uliowekwa stendi mwaka 2020 ukikauka, kazi ya kaunti haikukauka nao. Kipindupindu hakingoji tangazo kutoka Geneva.

Tazama mpaka wa Isebania. Mei 2020 Rais Uhuru Kenyatta alifunga mpaka wa Kenya na Tanzania kwa wasafiri, malori ya mizigo yakaruhusiwa baada ya madereva kupimwa. Leo watu wanavuka kama kawaida, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa kuwa biashara na undugu viko pande zote mbili. Lakini afisa wa afya wa mpakani bado anahitajika. Mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini Kenya, Julai 2024, aligunduliwa katika kituo cha mpaka cha Taveta, akiwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda. Aligunduliwa kwa sababu kulikuwa na mtu kazini siku ambayo hapakuwa na dharura yoyote ya mpox iliyotangazwa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura hiyo tarehe 14 Agosti, majuma mawili baadaye.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye mishahara. Mwaka 2020 maelfu ya wahudumu wa afya waliajiriwa nchini kwa kandarasi za miaka mitatu chini ya mpango wa afya kwa wote. Kandarasi zikafika mwisho, zikaongezwa muda, na mwaka 2025 wahudumu hao walikuwa wakiandamana Nairobi kudai ajira ya kudumu. Muuguzi aliyeajiriwa kwa muda anamhudumia mjamzito ambaye mahitaji yake si ya muda.

Somo la pili lilikuja Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zenye kiwango cha juu zaidi cha maambukizi ya virusi vya Ukimwi nchini, na huduma nyingi za ugonjwa huo zilitegemea fedha hizo. Mgonjwa anayemeza dawa kila siku hawezi kusimamishwa kwa siku tisini ili sera ifikiriwe upya. Mfadhili ana haki ya kuondoka. Serikali haina.

Ndiyo maana kipimo cha wajibu ni bajeti, kuliko tangazo. Kilichoanzishwa wakati wa dharura na bado kinahitajika lazima kipate fungu lake la kawaida: mishahara ya wauguzi, umeme wa majokofu ya chanjo, ukarabati wa mitambo ya oksijeni, na posho ya wahamasishaji wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba kutoka Kehancha hadi Mfangano. Chanjo ya malaria iliyozinduliwa Homa Bay Septemba 2019 inaonyesha kwa nini. Mtoto huhitaji dozi nne, na ya mwisho huja akikaribia umri wa miaka miwili au akiwa ameufikisha. Jokofu likizimwa katikati, mama aliyekuja mara tatu atarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwananchi naye ana nafasi yake. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafikishwe Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi washirikishwe. Katika mikutano hiyo, mkazi wa Muhuru Bay, Rongo, Ndhiwa au Kendu Bay anaweza kuuliza mambo matatu: Wahudumu wangapi wa zahanati hii wako kwenye orodha ya kudumu ya kaunti? Dawa zipi zinalipiwa na mfadhili, na akiondoka nani atalipa? Maji ya zahanati yanatoka wapi?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakati wa kuziba ni sasa, wodi zikiwa tulivu.