Abramu Alimficha Mke Wake

Masomo: Mwanzo 12:10-20, Luka 14:28-33



Juma lililopita mama mmoja wa kanisa alitufikia na simu mkononi, akatusikilizisha sauti ya mwana wake aliye Marekani. Jamaa hii ilikimbia vita, ikaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania. Kijana alipokelewa Marekani kama mkimbizi. Mama alirudi huku. Leo kijana ana kadi ya kijani, yaani ruhusa ya kukaa siku zote. Ana kazi, ana bibi, ana mtoto mdogo. Lakini bibi yake, Mkongomani mwenzetu, alipita njia nyingine: Brazil, pori la Darién kwa miguu, Mexico, kisha akavuka mto usiku bila kupita mbele ya mtu wa mpaka. Hana makaratasi. Mlango ukigongwa usiku, wananyamaza wote, hata mtoto amejifunza kunyamaza.

Kijana anasema: "Mama, nataka kuingia jeshi la Marekani. Wanasema bibi ya askari anaweza kupewa makaratasi. Lakini ndugu mmoja amenishauri nisimtaje bibi kwanza. Nitie sahihi, ndipo nimtaje. Uniombee."

Mama akatuuliza: "Mchungaji, niombe nini?" Hatukuwa na jibu siku ile. Tuliomba pamoja naye, tukaenda kutafuta, na leo tunawaletea tulichopata, kwa sababu tunajua si jamaa moja tu yenye shida hii.

Kwanza, tujue ukweli wa jambo. Wenye kadi ya kijani wanaruhusiwa kujiandikisha katika jeshi la Marekani, na askari anaweza kuomba uraia akiwa kazini. Tena, tangu mwaka 2013 kuna mwongozo ulioandikwa wa serikali yao: bibi au bwana ya askari, aliyeingia bila kukaguliwa mpakani, anaweza kuomba ruhusa ya kubaki pale pale alipo. Ruhusa hiyo hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja. Si kadi ya kijani. Inafungua njia ya kuomba kadi baadaye. Tena si haki ya mtu; ofisa anatazama kila ombi peke yake, naye anaweza kukataa. Kwa hiyo anayesema "vaa uniforme, bibi amepona" amesema nusu ya neno, na nusu ya neno imewapoteza wengi.

Pili, tusimfiche mke. Abramu alikuwa mgeni kama kijana wetu. Njaa ilimpeleka Misri, na woga ulimfundisha kusema Sarai ni dada yake. Tusimcheke, woga wa mgeni tunaujua. Lakini tuangalie matokeo. Abramu alipata kondoo, ngombe na watumishi, na Sarai akawa ndani ya nyumba ya Farao. Uongo uliotungwa kumlinda bwana ulimweka bibi hatarini. Kisha aliyemkemea mtu wa Mungu alikuwa Farao! Ni haya kubwa, mpagani kumfundisha mwamini kusema kweli.

Jeshi la Marekani linamwuliza anayejiandikisha kama ameoa, na nani. Kujiandikisha kwa kuficha neno ambalo lingemzuia mtu kupokelewa ni kosa katika sheria ya jeshi lile. Anaweza kuadhibiwa na kufukuzwa. Na yeye ambaye angekuwa mlango wa bibi yake atakuwa ameuvunja mlango huo kwa mkono wake mwenyewe. Ndugu aliyemshauri hivyo pengine anampenda, lakini shauri lake si la Mungu. Kama wakiambiwa ukweli watamkataa, basi na wamkatae mapema, akiwa bado na kazi yake na jina safi.

Tatu, tuhesabu gharama. Yesu alisema habari za mfalme anayeketi kwanza na kufikiri kama askari wake wanatosha, kabla ya kwenda vitani. Mkataba wa kwanza wa jeshi lile ni miaka 8 kwa jumla, sehemu yake kazini na sehemu katika akiba. Mtu hachagui atakakotumwa. Akipelekwa mbali na ombi la bibi halijajibiwa, bibi atabaki na nani? Torati, katika Kumbukumbu la Torati 24:5, ilimwachilia aliyeoa karibuni asiende vitani mwaka mmoja, akae amfurahishe mke wake. Mungu anajua kwamba ndoa nayo inahitaji mlinzi.

Kwa hiyo tulimwambia mama amwambie mwana wake: mbele ya kwenda ofisi ya jeshi, nenda na bibi yako kwa avoka wa mambo ya wahamiaji, si kwa rafiki, mkaweke kila kitu mezani. Na umwulize bibi yako mwenyewe. Sarai hatusikii sauti yake katika habari ile. Isiwe hivyo nyumbani mwako.

Liko neno la mwisho. Mama alitwambia kwa machozi: "Mimi nilikimbia watu wenye bunduki. Sasa mwana wangu aishike?" Hatukumkemea. Askari walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasinyanganye watu, wasisingizie, watosheke na mshahara wao. Kijana akiingia, aingie kwa moyo wa kulinda watu, na awe askari ambaye mama yake asingemkimbia.

Mama alituma sauti hiyo. Jibu alilopata ni fupi: "Tumepata siku ya kumwona avoka. Tutakwenda wote wawili." Hatujui avoka atasema nini. Lakini tunajua kwamba mke hafichwi tena.

Tuombe. Baba, uwakumbuke watoto wetu walio ugenini. Uwape ujasiri wa kusema kweli, na uwe mlinzi wa nyumba zao. Katika jina la Yesu. Amina.